Pale Nilipomlaza Binti Yangu

Binti yetu wa kwanza alizaliwa mwezi wa sita, miaka ya tisini ikielekea kwisha, wakati ambapo Kitengela ni baridi na upepo tu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya mabati nyuma ya nyumba ya mwenye ploti, mzee wa Kimaasai aliyekuwa bado na ng'ombe wake hapo uwanjani. Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River, shifti ya usiku. Aliondoka jioni na chupa ya chai, akarudi asubuhi kope zikiwa nyeupe kwa vumbi. Mimi nilifundisha nasari ya kanisa na nilikuwa likizoni kwa ajili ya uzazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwetu, mimi na mume wangu, ni magharibi, upande wa Kakamega, na hapo Kitengela sikuwa na ndugu hata mmoja.

Wiki mbili za kwanza mtoto alilala nami kitandani. Sikuona kama kuna jambo la kuamua. Mume hayupo, kitanda ni kikubwa, baridi inakata, mtoto ni wa kunyonya. Angelala wapi kwingine? Nilimweka upande wa ukutani, ubavuni mwangu, na akitaka titi hata taa sikuhangaika kuwasha. Nilipenda joto la kichwa chake. Nilipenda hata vile alivyonuka maziwa yaliyoganda shingoni.

Kisha mama mkwe akaja.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, aliyefiwa na mume mapema na kulea watoto sita kwa jembe. Alifika na kuku ndani ya kikapu, unga wa wimbi, na ndizi zilizoiva njiani. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kumshika mjukuu wake. Akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Amefanana na baba yake," akanirudishia. Nilimwogopa tangu siku ya kwanza niliyopelekwa kwake, na sasa nilimwogopa zaidi, maana alikuwa amekuja kuona kama najua kulea.

Jioni hiyo, mwanawe alipokwisha kwenda kazini, aliuliza, "Huyu analala wapi?"

Nikamwonyesha kitanda.

"Na wewe?"

"Hapo hapo, Mama."

Aliweka mkono juu ya godoro, akalibonyeza. Lilikuwa godoro la zamani, lenye bonde katikati. Akalibonyeza tena.

"Hapana," akasema. "Mtoto alale kwake."

Nikacheka kidogo nikidhani ni mzaha. "Kwake wapi, Mama? Huyu ako na wiki mbili."

"Kwake. Leo alale kwa beseni. Kesho nitatafuta fundi."

Ndivyo ilivyokuwa. Binti yangu alilala ndani ya beseni la kufulia, lililotandikwa leso mbili, sakafuni karibu na mguu wa kitanda changu. Kesho yake mama mkwe, ambaye hakujua mji ule hata kidogo, alitoka kwa miguu kuelekea barabara ya Namanga, na kabla ya saa kumi alirudi akiwa mbele na fundi nyuma, fundi amejitwika kitanda kidogo cha mbao chenye vijiti pembeni. Alikisugua kwa mikono yake asije mtoto akachomwa na vibanzi. Akakisukuma mpaka kikagusana na kitanda changu. Akanyoosha mkono kutoka upande wangu, akapima kama unamfikia mtoto. Ulimfikia.

Mke wa mwenye ploti alipokuja na maziwa, aliona kitanda kile akashangaa. "Yeyo," akamwambia mama mkwe, akimwita mama kwa Kimaasai kama alivyoita kila mwanamke mzima, "sisi mtoto analala na mama yake. Watoto wangu wote wamelala hapa," akajipiga kifuani, "na wote wako."

"Wa kwako wako," mama mkwe akajibu, kisha akatoka nje kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijakauka.

Sikuuliza sababu. Hata mume wangu nilipomlalamikia asubuhi, alisema tu, "Mama ana mambo yake. Si atarudi nyumbani? Vumilia." Lakini mama mkwe aliporudi kwake mwisho wa mwezi, kitanda kilibaki, nami niliendelea kumlaza mtoto humo. Kwa sehemu ni kwa sababu nilimwahidi alipokuwa akiondoka. Kwa sehemu ni kwa sababu mtoto alikuwa amekizoea. Nililala na mkono wangu umepita katikati ya vijiti, kiganja juu yake, na asubuhi mkono ulikuwa umekufa ganzi.

Lakini alianza kusumbuliwa na tumbo. Alilia akikunja magoti. Mama mmoja niliyekaa naye foleni kliniki aliniambia nimlaze kifudifudi, gesi itatoka. Nikajaribu, na kweli akanyamaza. Tangu siku hiyo nikawa namlaza hivyo, na kwa kuwa mwezi wa nane baridi ilikuwa haijapungua, nikamfunika blanketi letu zito la mistari, nililolikunja mara mbili.

Mume wangu alikuwa na desturi. Akifika kutoka kazini hakuvua viatu kwanza. Alifuta mikono kwenye suruali, akaenda moja kwa moja kuinama juu ya kitanda kile. Asubuhi ile nilikuwa nimeamka kabla hajafika, nimewasha jiko nje, nikafurahi kwamba mtoto amenipa nafasi ya kuchemsha chai. Nilimsikia akiingia. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona leo amelala sana?"

Sijui ni kitu gani katika sauti ile ya kawaida kilichonifanya niangushe sufuria.

Alikuwa na wiki tisa.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, na aliongea nasi akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa. Alisema kuna watoto wanaoondoka hivi usingizini, wazima kabisa, na mara nyingi hakuna anayejua kwa nini. Alimuuliza mume wangu maswali machache. Mimi hakuniuliza kitu. Nadhani aliniona jinsi nilivyokuwa. Tulimpeleka nyumbani Kakamega kwa pikapu ya mwenzetu wa kanisani. Mume wangu alikaa nyuma na sanduku, kati ya magunia, njia nzima, akakataa kubadilishana na mtu.

Mama mkwe alitupokea kwenye lango. Alifungua mikono. Na mimi, mbele ya mashemeji, majirani na mchungaji, nikamwambia, "Ni wewe ulimtoa mikononi mwangu. Angekuwa kwangu ningemsikia. Ni wewe."

 Mchungaji akaanza kunishika bega. Nilimtazama mama mkwe nikitaka ajibu, agombane nami, akanushe. Alishusha mikono yake. Akageuka akaingia jikoni, na siku mbili zile za msiba alikaa humo akipika, asitoke hata wakati wa kuzika.

Miaka minne sikukanyaga kwake. Kila Disemba mume wangu alikwenda peke yake, akarudi na unga wa wimbi ambao sikuupika, niliwapa watu. Alijaribu kunisemesha mara moja au mbili. "Mama anakusalimia," angesema, nami ningejibu, "Haya," nikatoka kwenda kuchota maji. Kitanda kile kidogo alikivunja mwenyewe. Mbao alizitumia kurekebisha mlango wa choo, na mimi nikawa sitaki kukitumia choo kile, nikienda cha jirani, mpaka tukahama.

Tulihamia Kajiado mjini mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipopata nafasi katika shule ya msingi. Mume wangu alipata kazi ya kuendesha lori la mchanga, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane akawa analala nyumbani usiku. Hapo ndipo nikapata mimba tena. Sikufurahi. Nilikuwa na hofu ya namna ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaipitia. Jambo moja tu nilikuwa nimelikatia shauri: huyu atalala kifuani kwangu, na hakuna atakayemtoa.

Alizaliwa mvulana, mzima, mwenye sauti. Alipotimiza siku sita nilimpeleka kliniki, na nesi wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akawa anatuelekeza kina mama wapya mmoja mmoja. Akaniuliza mtoto analala wapi. Nikasema kwangu.

"Mweke karibu na wewe, chumba kimoja, lakini kwa kitanda chake," alisema. "Godoro gumu kidogo. Usiweke mito. Usiweke blanketi nzito. Mvishe nguo za kutosha. Na umlaze chali. Kila mara chali."

Nikahisi hasira inapanda. Ilikuwa kama anayezungumza ni mama mkwe. "Wa kwanza alilala kwa kitanda chake," nikamwambia. "Na ndipo alipofia."

Nesi akaweka kalamu chini. Akaomba mama aliyenifuata asubiri nje, akafunga mlango.

"Nieleze," akasema. "Pole pole."

Nikamweleza yote. Baridi, kitanda, vijiti, mkono wangu. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, kwa upole ambao hadi leo nausikia, "Ulikuwa unamlaza namna gani?"

Nikafungua mdomo kujibu, na kabla sijajibu nikajua. Nilimwona tena kama nilivyomwacha: kifudifudi, uso umezama kwenye godoro, blanketi la mistari limemfika kisogoni. Mimi ndiye nilimlaza hivyo. Mama mkwe alikuwa amemlaza chali, kila mara chali, na blanketi lile hakuwahi hata kuligusa.

"Sikiza, mama," nesi akasema, akinishika kifundo cha mkono. "Mimi siwezi kukwambia hicho ndicho kilimwondoa. Hakuna mtu anaweza kukwambia. Siku hizo wengi waliambiwa wawalaze hivyo. Uliambiwa, ukafanya. Ulikuwa unamtuliza."

Nilimshukuru. Nilimfunga mwanangu mgongoni nikatembea mpaka nyumbani, na njiani nilisalimiana na wazazi wa wanafunzi wangu kama mtu aliye sawa.

Mume wangu sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nesi ameshauri mtoto alale kwake. Alinitazama kwa muda, akasema, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Alikwenda kutafuta kitanda, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena siku ya pili, akarudi vilevile. Siku ya tatu alikiri kwamba kila akisimama mbele ya fundi, miguu inakataa. Tukachukua droo kubwa ya kabati, tukaiweka sakafuni, tukatandika godoro jembamba, na mtoto akalala humo, chali. Sisi tukashusha godoro letu chini ili tulale usawa naye. Tulipokezana kumwangalia.  Mmoja akilala, mwingine anatazama kifua kile kidogo kikipanda na kushuka. Mtoto alinenepa. Sisi tukakonda.

Ni mume wangu aliyemwita mama yake, bila kuniuliza. Jumamosi moja nilikuwa uani nafua nepi, nikainua macho nikamwona amesimama langoni na kikapu. Alikuwa amezeeka. Hakuingia. Alingoja.

"Karibu, Mama," nikasema. Ni maneno mawili tu, lakini niliyatoa kwa shida.

Alinawa mpaka kwenye viwiko kama zamani. Hakuomba kumshika mtoto. Alichungulia tu mlangoni, akaona droo, akaona godoro letu sakafuni. Kisha akaja uani, akakunja gauni, akakaa kwenye jiwe, akavuta beseni la pili na kuanza kusuuza nepi nilizofua. Tulifua hivyo muda mrefu. Mume wangu alipotuona akatafuta sababu ya kwenda dukani.

"Nilikuwa na mtoto kabla ya hawa sita," mama mkwe akasema. Alikuwa anatazama maji. "Msichana. Mwezi mmoja na siku kadhaa. Alikuwa analala kwa mkono wangu, hapa." Akagusa ndani ya kiwiko chake cha kushoto. "Nikaamka, nikaona amekuwa baridi. Mama ya baba yenu alisema nimemlalia. Alisema mbele ya watu. Wakanitoa jikoni kwake, sikupika huko tena mpaka akafa. Na mimi sikujua. Mpaka leo sijui. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kulima. Pengine nilimlalia. Pengine hapana."

Alikamua nepi, akaining'iniza, akarudi kukaa.

"Nilipoona ile godoro yenu, hiyo shimo katikati, nikasema, huyu msichana asije akaamka hivyo. Nilitaka kukwambia. Sikuweza kutoa hayo maneno. Wale sita wote nimewalaza kando, na sijawahi kuwaambia ni kwa nini."

Nilikuwa nimeacha kufua. Povu lilikuwa linanikaukia mikononi. Nikamwambia, basi, yale niliyomficha hata baba wa mtoto: tumbo, yule mama wa foleni, kifudifudi, blanketi. Nilimwambia kwamba nilipomsimamisha pale langoni mbele ya watu nilikuwa namshtaki kwa kitu ambacho mikono yangu ndiyo iliyofanya, au pengine haikufanya, na sitajua. Nikasema, "Mama, nisamehe." Nilisema tena na tena, mpaka akaweka kiganja chake chenye maji mdomoni mwangu.

"Nyamaza," akasema. "Hata mimi ningesema. Nilitamani sana kuwa na mtu wa kumwambia ni yeye."

Tukalia wote wawili hapo, kwa sauti, kama watu wa msiba, mpaka jirani akachungulia juu ya ua akauliza kama kuna kitu kimetokea. Mama mkwe akamjibu, "Ndiyo, lakini ni zamani."

Alikaa nasi miezi miwili. Alilala kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi mimi na mume wangu tulilala usingizi, kwa sababu yeye alisema atamsikiliza mtoto, nasi tukamwamini. Siku moja akinisaidia kumwogesha mjukuu, aliniuliza yule wa kwanza nilikuwa nikimwitaje tukiwa wawili tu. Nilimwambia lile jina dogo la nyumbani. Naye akanitajia jina la mwanawe. Alisema hajalitamka tangu wamfukie. Hata midomo yake ilisita. Sitayaandika hapa majina hayo. Alisema tu, "Sasa uko nalo wewe pia."

Aliporudi kwake hakudumu sana. Shinikizo la damu lilimkamata shambani, na mwanangu alikuwa hajatimiza miaka mitatu tulipomzika. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, familia ilinipa kazi ya kuandika historia ya maisha yake ya kusomwa kwenye mazishi. Niliandika: mama wa watoto saba.

Shemeji yangu mkubwa alipoipitia kabla ya kupelekwa kuchapishwa, akaikata ile saba. "Mwalimu, umekosea. Sisi ni sita."

"Ni saba," nikasema.

"Mimi ndiye kifungua mimba. Si ningejua?"

Walikuwa wote pale sebuleni kwa mama yao, watu wazima, wengine na mvi. Nilimtazama mume wangu. Nikaeleza juu ya yule msichana, na mkono wa kushoto, na jiko alilofukuzwa. Sikueleza zaidi ya hayo. Shemeji mkubwa alikataa. Alisema mama hangeweza kuwaficha kitu kama hicho. Ndipo shangazi yao, mzee sana, ambaye tulidhani amesinzia pembeni, akasema, "Alikuwepo. Nilimbeba. Mama yetu alituambia tusimtaje."

 Shemeji mkubwa akachukua ile karatasi, akaandika jina la yule msichana juu ya jina lake mwenyewe, kama shangazi alivyomtajia. Aliuliza amezikwa wapi. Shangazi akasema ni nyuma ya nyumba ya zamani, iliyokwisha kuanguka. Pamelimwa mahindi tangu hapo, mahali penyewe hapajulikani tena.

Mume wangu alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta kwenye kaburi la binti yetu, aking'oa majani yaliyoota pembeni. Nilichuchumaa nikamsaidia. Nilikuwa nimekwisha kuamua, tangu sebuleni, kwamba leo nitamweleza kuhusu blanketi na namna nilivyomlaza. Nikamweleza. Aliendelea kung'oa majani. Alipomaliza upande wake alisema, bila kunitazama, kwamba asubuhi ile yeye ndiye aliyemgeuza mtoto; kwamba aliliona blanketi, na alijua tangu siku hiyo vile alivyokuwa amelala, na daktari alipomuuliza alijibu kwamba tulimkuta chali.

"Nilitaka usiulizwe," alisema.

Kisha tukaitwa ndani, maana watu wa kuchapisha walikuwa wanangojea karatasi.